Kinachojibu Chini ya Lami

Saa nne usiku tunashuka kwa ngazi ya mbao,
Ambakisye mbele, taa kipajini, mimi nyuma na karai,
Ipyana na pampu inayokohoa
kama iliyolala nje Juni nzima.
Juu yetu ni barabara kuu. Malori ya shaba
yanatoka Tunduma, yanashusha gia kabla ya Mafiati,
na kila ekseli inatupita utosini.

Wenyeji huliita handaki. Kwenye makaratasi ni kalavati,
mita hamsini na mbili,
mdomo mmoja nyuma ya soko,
mdomo wa pili kwenye migomba ya mama Tusekile.
Tope limebeba habari za mji mzima:
kandambili ya kushoto, kokwa za parachichi,
daftari la hesabu la darasa la tano
lenye tiki nyekundu ambayo maji yameshindwa kuifuta.
Tunachota. Hatusomi sana.
Novemba haimsubiri msomaji.

Kisha Ambakisye anasema, "Zima pampu."
Sikio lake la kulia liliondoka na baruti, zamani, Kitonga.
Lililobaki halitumii kwa kazi hii.
Anaweka kiganja ukutani, anagonga kwa nyundo.
Ngi. Ngi. Ngi.
Zege zima lina kiburi, linakurudishia nyundo yako.
Hatua tatu. Ngi. Ngi.
Halafu: bu.

Anarudia.
Bu.

"Shika hapa, Subilaga."
Nikashika. Lori likapita,
na ndani ya ukuta kitu kikatetemeka
kama meza aliyoinamia mtu anayelia.

Walionifundisha kwamba debe tupu haliachi kuvuma
hawajaingia humu.
Humu kilicho kitupu hushusha sauti,
huwaachia wazima wavume.

Tukachora duara kwa chaki ya njano. Tukabandua.
Nondo ikatoka imevimba kutu,
inameguka kama andazi la juzi,
na nyuma yake maji, membamba, yasiyo na haraka,
yaliyoanza safari hiyo hakuna ajuaye lini.

Mhandisi Lutengano akaja na buti mpya.
Akapiga picha, akapiga simu,
akatuambia bajeti iliyopo ni ya chokaa na taa,
maana wiki ijayo kuna ugeni.
"Pakeni. Mengine tutayaona mwaka wa fedha ujao."
Ambakisye hakubishana.
Akaandika kando ya duara tarehe ya leo,
akaandika jina lake, yote matatu, taratibu,
kama mtu anayejaza fomu ya mwanawe,
halafu akamnyooshea mhandisi chaki.
"Na wewe andika lako."

Chaki ikakaa kiganjani mwa kijana.
Juu yetu likapita la magurudumu ishirini na mbili;
vumbi la zege likamshukia mabegani, laini,
kama unga kwenye mashine ya kusaga.
Akapiga simu tena.
Safari hii hakusema "mheshimiwa".
Alisema, "Njooni mlifunge."

Usiku sita upande mmoja wa barabara ulifungwa.
Tulitukanwa kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa, kwa Kibemba,
kwa honi, ambayo kila dereva anaijua.
Tuliswaki kutu mpaka chuma kikang'aa,
tukafunga nondo mpya, tukasukuma saruji,
tukakunywa chai ya tangawizi kutoka kopo moja.
Usiku wa saba Ambakisye akagonga.
Hakusema kitu. Aliweka nyundo mfukoni,
na Ipyana akaanza kukunja mpira wa maji.

Asubuhi nilipita juu, nikirudi Ilemi.
Basi la Sumbawanga lilipita,
abiria wamelala, mashavu kwenye vioo.
Hapakuwa na kibao. Kiraka hakionekani kutoka huku.
Nilisimama ninapokisia duara lilipo,
nikagonga lami kwa kisigino, mara tatu.
Muuza viazi akaniuliza nimedondosha nini.
Nikamwambia, nasikiliza.
Akavuta ndoo yake pembeni,
nipate nafasi.